Magunia 14 ya karanga kutoka Nachingwea

Mwezi wa saba walinijia akina mama watatu wakiwa na hasira. Walikuwa wametoka Nachingwea alfajiri, wakabadilisha gari Masasi, wakafika Mtwara mjini jua limeshakuwa kali. Mwenyekiti wa kikundi alikataa maji niliyompa. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa kipande chembamba cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole, akakiweka mezani.

"Mwalimu, tazama mwenyewe. Mstari mmoja. Sisi wote tumeshapimwa malaria pale zahanati, tunajua mstari mmoja maana yake nini. Huyu mnunuzi anatuibia."

Wananiita mwalimu kwa sababu nilifundisha kemia miaka ya nyuma kabla sijaingia kwenye kazi ya maabara. Mtoto mmoja wa mwenyekiti alipita mikononi mwangu. Nilimwamkia, nikakichukua kile kipande, nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mstari ulikuwa mmoja kweli.

Kisa chenyewe ni hiki. Kikundi chao hukusanya karanga za wanachama, wengi wao wanapanda ile mbegu ya Pendo iliyotoka kituo cha utafiti cha Naliendele, wakazimenya, wakazijaza kwenye magunia ya kilo 50 na kuziuza kwa pamoja. Msimu ule walipata magunia 14, yaani kilo 700. Mnunuzi wa mjini alichota karanga kidogo, akazisaga, akakoroga kwenye dawa, akachovya ule ukanda. Akasema karanga zina sumukuvu, ile sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, kupita kiwango, akaukataa mzigo wote. Magunia yakabaki stoo ya kukodi, na kodi ya stoo hailali.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nami nilikosea ndani yake, na kosa lenyewe naliona likirudiwa kila mwaka na watu wenye nia njema kabisa.

Mstari mmoja si habari njema

Nilianza na ule ukanda, maana hapo ndipo hasira ilipokuwa. Ukanda wa aina hii ni mtoto wa kromatografia ya karatasi, yaani njia ya kutenganisha kemikali kwa kuzipandisha kwenye karatasi. Maji yanapanda yenyewe ndani ya karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakibeba vitu vilivyoyeyuka, na njiani kila kitu kinakamatwa au kinaachwa kipite. Kipimo cha malaria kinafanya kazi vivyo hivyo. Tofauti iko kwenye kinachokamatwa.

Protini ya vimelea vya malaria ni kubwa kiasi cha kushikwa kwa wakati mmoja na kingamwili mbili, yaani protini zinazonasa kitu kimoja maalumu. Moja imegandishwa kwenye karatasi, nyingine inatembea na maji ikiwa na chembe ndogo za dhahabu zinazoonekana nyekundu. Vimelea vikiwepo, protini yao inaunganisha hizo mbili na mstari unatokea. Sumukuvu ni molekuli ndogo mno, haina mahali pa kushikwa mara mbili. Kwa hiyo watengenezaji wamefanya kinyume: mahali pa mstari wa kipimo wamegandisha sumukuvu yenyewe. Kingamwili zenye dhahabu zikifika pale zikiwa hazijashika kitu, zinanasa na mstari unaonekana. Zikifika zimeshashiba sumukuvu kutoka kwenye karanga, zinapita moja kwa moja na mahali pale panabaki peupe. Mstari wa pili, ule wa kuhakikisha kwamba kipimo kinafanya kazi, unatokea kwa vyovyote vile.

Ndiyo kusema mistari miwili ni karanga salama, na mmoja ni karanga zenye sumu.

Mwenyekiti alikaa kimya, kisha akasema, "Basi aliyetengeneza hiki kitu hakutufikiria sisi." Nakubaliana naye kabisa. Katika nchi ambayo kila mzazi ameshasoma kipimo cha malaria, kumpa mkulima ukanda unaosomwa kinyume bila karatasi ya maelezo kwa Kiswahili ni kutafuta ugomvi. Mnunuzi hakuwaibia, ila pia hakuwaeleza. Aliwaonyesha ukanda akadhani umejieleza.

Kiganja cha kwanza

Walikuwa wamekuja na mfuko mdogo wa karanga, kama nusu kilo. Waliomba nizipime kwa njia yangu. Nilikubali papo hapo, bila kuuliza swali nililopaswa kuliuliza kabla ya yote.

Njia yangu ni kromatografia ya tabaka jembamba. Ni kibamba cha alumini kilichopakwa unga laini wa silika, unakikata kwa mkasi kama karatasi ngumu. Unadondosha tone dogo la dondoo ya karanga karibu na ukingo wa chini, unakisimamisha ndani ya chombo cha kioo chenye kiyeyushi kidogo, unafunika, unasubiri. Kiyeyushi kinapanda na kila kemikali inapanda kwa mwendo wake: inayoipenda silika inabaki nyuma, inayopenda kiyeyushi inatangulia.

Wazo hili lina zaidi ya miaka mia. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett, alitenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye unga wa chaki mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1938 Izmailov na Shraiber, kule Kharkiv, walijaribu tabaka jembamba kwenye kioo. Mwaka 1944 Martin na wenzake Uingereza wakaonyesha kwamba karatasi ya kuchujia inatosha kutenganisha asidi za amino, na mwaka 1952 Martin na Synge wakapewa tuzo ya Nobel kwa kazi yao ya kromatografia. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Egon Stahl akaiweka sawa njia ya tabaka jembamba, kila mtu akawa anaweza kuirudia na kupata jibu lile lile. Silika iliishinda karatasi kwa sababu nyepesi: nyuzi za karatasi hutawanya doa, punje laini za silika hulibana.

Lakini kwetu sisi wa karanga kuna jambo jingine la kukumbuka. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Sumu iliyowaua ndiyo sumukuvu hii. Ilitambuliwa kwa kromatografia, na hata majina ya aina zake, B1, B2, G1 na G2, yalizaliwa kwenye kibamba. B ni kwa sababu doa lake hung'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno, G ni kwa sababu hung'aa kijani, na namba 1 na 2 zinafuata mahali doa lilipofika. Anayesema "B1" leo anataja doa ambalo mtu aliliona kwenye chumba cha giza.

Basi nikasaga gramu 50 kwa blenda pamoja na methanoli, maji na heksani. Heksani inachukua mafuta, sumukuvu inabaki kwenye methanoli na maji. Nikachukua mililita 25 kati ya 250, nikaivutia sumu kwenye kloroformu, nikaikausha, nikairudisha kwenye maikrolita 200. Tone la maikrolita 10 linabeba kilichomo ndani ya robo gramu ya karanga. Kiwango cha Afrika Mashariki ni maikrogramu 5 za B1 kwa kilo, na 10 kwa sumukuvu zote kwa pamoja. Robo gramu ya karanga zilizo mpakani kabisa ina nanogramu 1.25 za B1 (nanogramu elfu moja ni maikrogramu moja). Jicho lenye uzoefu, chumba kikiwa giza kweli, linaona hata nusu nanogramu. Yaani kifaa cha mkasi na chombo cha kioo kinafika chini ya kiwango cha kisheria, tena bila umeme mwingi. Hili bado linanifurahisha kila ninapolifikiria.

Niliwasha taa. Matone ya sampuli rejea, yaani sumukuvu ya kiasi kinachojulikana, yaliwaka buluu pale pale yanapopaswa kuwaka. Pale tone la karanga zao lilipopanda palikuwa na mng'ao hafifu tu karibu na mwanzo. Mahali pa B1 palikuwa peusi.

Nikawaambia, "Sioni kitu, mama. Ziko safi."

Walirudi kwa mnunuzi na neno langu. Akapima tena mbele yao, safari hii kutoka gunia jingine. Mstari mmoja. Simu iliponifikia jioni sauti ya mwenyekiti haikuwa na hasira tena, ilikuwa imechoka. "Mwalimu, sasa tumwamini nani?"

Mfuko ule ulitoka wapi

Swali ambalo sikuliuliza ndilo hilo. Ulitoka juu ya gunia moja, lililokuwa karibu na mlango. Nusu kilo kati ya kilo 700, tena kutoka sehemu moja.

Kuvu hawajigawi sawasawa. Punje moja iliyotobolewa na mdudu au iliyopasuka inaweza kuwa imeoza kwa sumu huku mamia ya jirani zake ni safi kabisa. Wachunguzi walishapima punje moja moja za karanga na kukuta nyingine zina zaidi ya maikrogramu milioni moja kwa kilo. Fanya hesabu nami. Punje ya nusu gramu yenye kiasi hicho ina nanogramu 500,000. Gunia la kilo 50 lina gramu 50,000. Gawanya: nanogramu 10 kwa kila gramu, ndiyo maikrogramu 10 kwa kilo. Punje moja, kati ya 100,000 hivi, inatosha kulifikisha gunia zima kwenye mpaka wa sheria.

Sasa mtu anachota kiganja. Uwezekano wa kuikosa punje ile ni mkubwa mno, na akiipata kwa bahati atasema gunia zima ni sumu tupu. Vipimo viwili vinavyopingana vinaweza vyote kuwa sahihi. Kibamba changu kilisema kweli juu ya kiganja nilichopewa, mimi ndiye niliyesema juu ya magunia 14. Ndiyo maana Ulaya, kwa shehena kubwa ya karanga, mkaguzi anakusanya hadi kilo 20 kutoka sehemu nyingi za mzigo kabla mtu hajagusa kemikali yoyote.

Nachingwea yenyewe imeshaonja matokeo ya kutazama kidogo na kusema kikubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwa sehemu mojawapo. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda huko vilijengwa kwa ajili hiyo. Waliotumwa kuichunguza nchi walifanya hivyo kwa wiki chache tu, sehemu kubwa wakitazama kutoka kwenye ndege. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na reli nayo haikudumu.

Bambo, magunia 14, kibamba kimoja

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe stoo. Nilikwenda na bambo, lile bomba la chuma lenye ncha linalochomwa ubavuni mwa gunia. Kila gunia nililichoma sehemu tano hadi saba, juu, katikati, chini na pembeni, mpaka nikapata kama kilo mbili. Katibu wa kikundi, binti mdogo aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa na daftari lenye namba za magunia na jina la mwanachama aliyeleta kila moja. Bila daftari lile kisa hiki kingeishia kwenye lawama.

Kila kilo mbili tulizisaga zote, tukizikoroga kwa muda mrefu, na kati ya gunia moja na jingine tulisafisha mashine na kuipitisha karanga kidogo za kutupa. Kazi hii ilichukua siku mbili. Kromatografia yenyewe ilichukua robo tatu ya saa.

Hapo ndipo ninapoitetea njia ya tabaka jembamba mbele ya mashine kubwa za gharama. Kibamba cha sentimita 20 kinabeba matone 14 ya magunia na matone matatu ya sampuli rejea, nanogramu 0.5, 1.25 na 2.5, yote yakipanda pamoja katika kiyeyushi kile kile, kloroformu sehemu tisa na asetoni sehemu moja. Mashine kubwa ingeyapima moja baada ya jingine, na kwa bei yake watu hupima mchanganyiko mmoja tu. Mchanganyiko ungetuambia mzigo ni mbaya. Sisi tulitaka kujua ni gunia lipi.

Siku hizi kuna vibamba vyenye punje laini zaidi na mashine za kudondosha matone kwa usahihi, na simu yenye kamera nzuri inaweza kupima mng'ao wa doa vizuri kuliko jicho likiwekwa kwenye boksi la giza. Mimi nilikuwa na jicho na boksi. Katibu niliingia naye chumbani, nikafunga mlango, nikaziba mwanga wa chini kwa kanga, tukasubiri macho yazoee. Nikawasha taa.

Alihesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu, nne, tano, hakuna. Sita, doa dogo. Saba na nane, giza. Tisa, akanyamaza. Doa la gunia namba 9 lilikuwa buluu nzito kuliko sampuli rejea kubwa kuliko zote, na chini yake kidogo kulikuwa na doa dogo la B2. Kumi, giza. Kumi na moja, buluu tena. Kisha giza mpaka mwisho.

Kijani haikuwepo popote. Hiyo ni kawaida ya kuvu Aspergillus flavus, ambaye hutoa sumukuvu za kundi B peke yake. Nilipulizia asidi ya salfa iliyozimuliwa, na madoa matatu yakageuka kutoka buluu kuwa manjano. Vitu vingine kwenye karanga vinaweza kung'aa buluu, lakini visipogeuka manjano si sumukuvu. Asiyefanya hatua hii asiandike jibu.

Dondoo ya gunia la 9 niliizimua mara 20 ndipo ikalingana na nanogramu 2.5. Hiyo ni karibu maikrogramu 200 za B1 kwa kilo, mara 40 ya kiwango. La 11 lilikuwa karibu 40. La 6 lilikuwa kati ya 5 na 10, na hapo jicho halina uwezo wa kusema zaidi. Ukiyachanganya magunia yote 14 unapata wastani wa karibu 18. Mnunuzi alikuwa sahihi kuukataa mzigo, na akina mama walikuwa sahihi kwamba karanga zao nyingi ni nzuri.

Maji ya usiku

Daftari likafunguliwa. Gunia la 6 lilikuwa limeegemea ukuta uliovuja. Magunia ya 9 na 11 yalitoka kwa wanachama wawili majirani, na wote wawili walikuwa wamezinyunyizia karanga maji kabla ya kuzimenya.

Msiwahukumu haraka. Ganda la karanga kavu ni gumu, na anayemenya gunia zima kwa vidole ngozi ya vidole inachanika. Maji kidogo yanalainisha ganda, kazi inaisha usiku mmoja. Lakini karanga iliyokwisha kukauka ikiloweshwa tena na kulundikwa mpaka asubuhi ni shamba la kuvu, na kukausha baadaye kunamzuia kuvu asiendelee kukua bila kuiondoa sumu yake. Kukaanga nako hakuiondoi yote. Kikundi kilikubaliana kukodi mashine ya kumenya ya kuzungusha kwa mkono msimu unaofuata, na kutopokea karanga yoyote iliyomenywa kwa maji. Hilo la kwanza ndilo la maana. Ukikataza maji bila kuleta mashine, watu watanyunyizia usiku na kukaa kimya.

Mnunuzi, kwa haki yake, alikubali kuchoma magunia 11 kwa bambo mbele ya pande zote mbili. Mistari miwili. Aliyachukua. Gunia la 6 lilichambuliwa kwa mkono, punje zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa zikatolewa, na nilipolipima tena doa lilikuwa chini ya sampuli ya 1.25.

La 9 na la 11 tuliyafukia. Mama mmoja aliuliza kama hata kuku wasipewe. Nikamjibu hata kuku, mama. Aliuliza juu ya kukamua mafuta. Nikamweleza kwamba mafuta ya kukamua kienyeji hubaki na sehemu ya sumu, na mashudu hubaki na iliyo nyingi. Hakuna aliyebishana. Wote walikuwa wamesikia habari za mwaka 2016, watu walipokufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Kilichonitia hofu zaidi ni kile kisichoua kwa wiki moja: kidogo kidogo kila siku kwenye uji, mpaka ini linapoharibika miaka mingi baadaye.

Vyombo vyote nikaviloweka kwenye jiki, inayoivunja sumukuvu, nikafunga maabara.

Asubuhi ya kesho yake nilimkuta mwenye gunia namba 9 amekaa kwenye ngazi. Bibi wa makamo, alikuwa amelala kwa ndugu yake mjini. Alikuwa na kikopo cha plastiki chenye kifuniko, ndani yake karanga kama kiganja kimoja. Alisema kwamba katika zile zile alizomenya, debe moja alilibakiza nyumbani, na tangu mwezi wa sita alikuwa akisagia uji wa mjukuu wake. Jana alimpigia simu mwanawe amwage debe lote shimoni na ampeleke mtoto kituo cha afya. Hiki kikopo alikuwa amekuja nacho safarini kama kitafunwa.

Nilimwambia kiganja hakitoshi kusema lolote la uhakika, kama nilivyokuwa nimeshajifunza. Akasema anajua, nilieleza vizuri jana. "Pima tu, mwalimu. Nataka nijue."

Nilipima. Liling'aa.